Mganga Amwendeaye Mgonjwa

Desturi ya dunia ni mgonjwa kumwendea mganga. Hubebwa kwa machela, hupakiwa katika mtumbwi, au hukokotwa na jamaa zake mpaka mlangoni pa mtu ajuaye dawa. Walakini tangu karne ya 19 imeenea safari ya namna nyingine, ambayo mganga ndiye ashikaye njia: huaga nchi yake, huvuka bahari, akaenda kutumika kwa hiari katika hospitali ya misheni, kwa watu asiojua lugha yao wala majina yao. Safari hiyo husifiwa sana, na sifa nyingi ni za haki. Lakini sifa zikizidi huwa kama moshi. Huonyesha kuwa moto upo, zikawaficha walioupuliza. Mfano ujulikanao kuliko mingine ni hospitali ya Lambaréné, nchini Gabon, kando ya mto Ogooué, karibu na mstari wa ikweta.

Albert Schweitzer alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Alsace, lililokuwa wakati huo chini ya Ujerumani. Alipotimiza miaka 30 alikuwa mwalimu wa elimu ya dini, mhubiri, na mpigaji wa kinanda ambaye alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya Bach. Mtu wa cheo hicho hakuwa na haja ya kurudi darasani kukaa na vijana. Alirudi, akajifunza uganga kwa miaka mingi. Misheni ya Paris ilihitaji watu, lakini iliyaogopa mafundisho yake ya dini, ikambidi aahidi kuwa atatibu tu, hatahubiri. Fedha za safari alizitafuta mwenyewe kwa rafiki zake na kwa kinanda chake. Mwaka 1913 yeye na mkewe Helene, aliyejifunza uuguzi kwa ajili ya kazi hiyo, walishuka Lambaréné na masanduku 70.

Nyumba ya tiba haikuwapo. Banda la kuku lilisafishwa, likapakwa chokaa, likawa chumba cha kupokelea wagonjwa. Walifika kwa mitumbwi kutoka mbali, wenye homa, ukoma, malale, kuhara damu, vidonda visivyofunga, na ngiri. Msomaji ambaye hajapata kumwona mtu aliyenaswa utumbo na ngiri hajui neno mauti lina maana gani. Utumbo hujikaza, damu haipiti, na mgonjwa hugaagaa chini akilia siku kadhaa mpaka afe. Mpasuaji hodari humwokoa kabla chungu hakijaiva jikoni. Jambo hili peke yake latosha kumjibu mtu adhaniye kwamba safari za waganga hawa zilikuwa majivuno matupu.

Lakini mpasuaji hafanyi kazi peke yake. Katika siku zile Helene alimlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, na msaidizi aliyesimama upande wa pili, mikono ndani ya mipira, aliitwa Joseph Azoawani. Huyu alikuwa Mgaloa, na kabla ya hapo alikuwa mpishi. Alijua lugha nyingi za huko pamoja na Kifaransa, kwa hiyo hapana neno la mgonjwa lililomfikia mganga bila kupita kinywani mwake. Maungo ya mtu aliyataja kwa majina ya jikoni: huyu aumwa paja la kuchoma, yule aumwa mbavu za kukaanga. Schweitzer mwenyewe alilisimulia jambo hili kwa kicheko katika kitabu chake cha mwaka 1921, na hata leo lachekesha. Hata hivyo, Joseph hakujua kusoma, na hakukosea chupa ya dawa. Alishika moyoni sura ya maandishi ya kila kibandiko. Tena alimshauri bwana wake asiwapokee wagonjwa wasio na tumaini, maana waganga wa jadi huwaepuka, wasije wakaharibu jina lao. Mgeni alikataa kwanza, kisha akaona kuwa shauri lilikuwa na akili ndani yake.

Vita vya mwaka 1914 viliponyausha mfuko wa hospitali, mshahara wa Joseph ulikatwa kutoka faranga 70 kwa mwezi hadi 35. Akaacha kazi. Wako watakaomlaumu: wenziwe walitumika bila kudai kitu, mbona yeye alihesabu faranga? Mwenye kusema hivi hajapima vizuri. Ajitoleaye huwa ana kitu nyuma yake, rafiki wenye mali, vitabu viuzwavyo, nchi ya kurudia. Hiari ni nguo nzuri, lakini huvaliwa na mwenye nguo nyingine ndani. Joseph alikuwa akiweka akiba ya mahari. Alikuwa na haki ya kuthamini kazi yake, na kuondoka kwake kulikuwa na heshima kama kulivyokuwa kufika kwa wageni. Baadaye alirejea, akatumika tena.

Schweitzer na mkewe, kwa kuwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, walifungwa, wakapelekwa Ulaya mwaka 1917. Aliporudi mwaka 1924 alikuta mabanda yameanguka na msitu umeingia. Safari hii wenzi walimfuata: muuguzi Mathilde Kottmann na mganga Victor Nessmann mwaka 1924, kisha mganga Marc Lauterburg na Emma Haussknecht mwaka 1925. Walipokewa na njaa na kuhara damu. Biashara ya magogo ilikuwa imewavuta wanaume kutoka bara mpaka kambi za msituni, mashamba yakaachwa, na Ulaya ilipopata mbao nzuri Ogooué ilikosa chakula. Waganga waliotoka Ulaya walikuja kutibu, pamoja na magonjwa mengine, ugonjwa ulioletwa na soko la Ulaya. Nafasi ilipokuwa haitoshi tena, hospitali mpya ilijengwa kiasi cha kilometa 3 juu ya mto, na wagonjwa wakahamishwa mwaka 1927.

Wageni wengi walioizuru walikunja pua kwa sababu ya mbuzi, kuku na moshi wa mafiga. Kila mgonjwa alikuja na jamaa zake, wakampikia, wakalala naye, na wenye nguvu wakasaidia kazi. Katika hili wenye kukunja pua walikosea. Mtu aliyetoka safari ya siku nyingi hawezi kumwacha ndugu yake mikononi mwa wageni, akala chakula cha mtu asiyemjua. Hospitali isiyo na mafiga ingekuwa hospitali isiyo na watu.

Lawama nyingine ni nzito zaidi. Schweitzer aliandika kuwa Mwafrika ni ndugu yake, lakini ndugu mdogo. Alipewa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, akaitumia fedha yake kwa kijiji cha wakoma. Akafa pale pale tarehe 4 Septemba 1965, miaka mitano baada ya Gabon kujitawala. Na katika muda wote huo hakupata kuzijua lugha za wenyeji. Alisema nao kwa vinywa vya watu kama Joseph. Ndugu ambaye hujifunzi lugha yake atabaki mdogo machoni pako hata akiota mvi, maana husikii akili yake ila vipande.

Mwaka 1981 majengo mapya yalifunguliwa, na katika mwaka huo ukaanza utafiti wa magonjwa, hasa malaria. Lambaréné ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, kwa watoto zaidi ya 15,000. Vituo vingine vilikuwa Kilifi nchini Kenya, na Korogwe na Bagamoyo nchini Tanzania. Huko Korogwe na Bagamoyo wazazi walielezwa habari ya sindano ile kwa Kiswahili, wakauliza maswali yao, wakajibiwa kwa Kiswahili, na mkalimani hakuhitajiwa.