Chungu Kimoja, Meza Moja



Mwaka jana tulipokea amri ya kubadili chakula cha nyumba yetu. Hatukuitafuta amri hiyo. Tulikuwa tumetoka kumzika kaka mkubwa wa baba wa nyumba, mtu wa nguvu na wa kicheko, aliyeanguka asubuhi moja alipokuwa akienda kunawa uso. Mdomo ulipinda, mkono wa kuume ukapooza, na kabla ya siku tatu kwisha akarudi kwa Muumba wake. Wakubwa wa ukoo walianza kumtafuta aliyemroga. Lakini mwuguzi wa kituo cha afya alituuliza swali moja tu: «Je, marehemu alipata kupimwa tansio?» Tulitazamana. Hakuna aliyejua.

Basi tukaenda kupimwa sisi wenyewe, baba na mama. Mama alionekana mzima. Kwa baba mashine ilionyesha 17 juu ya 10. Akapimwa tena siku nyingine, na tena juma lililofuata, na hesabu haikushuka. Daktari alitueleza kwamba mtu mzima anayepimwa siku mbalimbali, akaonekana kila mara amefika 14 juu ya 9 au kupita, huyo anao ugonjwa wa shinikizo la damu. Ugonjwa huo mara nyingi hauumi wala hautangulizi mjumbe. Lakini huchosha moyo na mafigo, na siku moja huweza kupasua au kuziba mshipa wa kichwani. Akaandika vidonge vya kila siku. Kisha akaongeza masharti: chumvi kidogo, mafuta kidogo, pombe kuipunguza sana au kuiacha kabisa, mboga na matunda kwa wingi, na kutembea kwa miguu.

Tuliyapokea masharti hayo kwa machozi na kwa bidii. Kuanza hakukutushinda. Kilichokaribia kutushinda ni kuendelea, na habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo, kwa kuwa tunajua ya kwamba katika paroki zetu wako wengi waliopewa masharti kama hayo, nao wamechoka.

Karatasi ya mlangoni

Siku ile ile mama alitwaa karatasi ya daftari, akaandika makatazo yote, akaibandika kwenye mlango wa jiko. Makatazo yalikuwa tisa. Makayabo, marufuku. Nyama ya kukaanga, marufuku. Vile vipande vidogo vya kukolezea mchuzi, ambavyo karibu nusu yake au zaidi ni chumvi tupu, marufuku. Na kadhalika mpaka chini ya karatasi.

Kisha mama akanunua chungu kidogo. Chungu kikubwa kilikuwa cha watoto na wageni, chenye chumvi na mawese kama desturi. Kile kidogo kilikuwa cha baba. Mezani baba alikaa na sahani yake ya mboga nyeupe, huku harufu ya sombe ya watoto ikimpita puani.

Juma la kwanza lilipita vizuri, kwa sababu kaburi la kaka lilikuwa bado bichi. Lakini hofu ni kama moto wa majani makavu: huwaka sana, wala hauivishi maharagi. Juma la tatu baba alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Alisema kwamba kazi za ofisini zimekuwa nyingi. Akifika, aligusa chakula kidogo tu, akasema amechoka. Mama alimhurumia, akamwombea.

Jioni moja kitinda mimba wetu alimpanda baba magotini, akanusa shati lake, akasema kwa sauti ya furaha: «Baba, unanukia mbuzi!»

Leo twacheka tukikumbuka. Siku ile hakuna aliyecheka. Ndipo ilipojulikana kwamba kila jioni baba alisimama njiani kwa mchoma nyama, akala mishikaki yenye chumvi kwa chupa ya bia, kisha akaja kuketi mbele ya chungu chake kidogo. Mama alijiuliza: ikiwa amenidanganya kwa ajili ya mbuzi, je, amenidanganya kwa mambo gani mengine? Naye baba aliona uchungu moyoni: katika nyumba yangu mwenyewe ninalishwa kama mtu aliyefungwa. Usiku ule tulilala bila kusali pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ya ndoa yetu. Basi tazameni: tulitaka kuulinda mwili wa mmoja wetu, na sasa tulikuwa karibu kuiumiza ndoa yenyewe.

Neno la koko

Siku chache baadaye koko, mama mzazi wa baba, alikuja kutoka kijijini kututembelea. Alipoingia jikoni aliona vyungu viwili juu ya mafiga mawili. Akauliza: «Binti yangu, nyumba hii ina wenyeji wawili?»

Mama alimweleza yote: tansio, daktari, masharti, na hata habari ya mbuzi. Koko alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema: «Mwanangu wa kwanza nimekwisha mzika. Huyu wa pili mnampa chungu chake kama mtu aliyetengwa na wenzake. Binti yangu, mgonjwa hutunzwa katikati ya watu.»

Hakusema zaidi. Akachukua chungu kile kidogo, akakiosha, akakiweka juu ya kabati. Jioni ile sisi sote tulikula katika chungu kimoja.

Huo ukawa msingi wa kwanza. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Baba alikuwa akipigana peke yake na desturi ya watu saba. Tena tuliogopa bure kuwanyima watoto. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kisichofurika, pamoja na ile iliyomo katika mkate na samaki. Na watoto wapate chini ya hapo. Kwa hiyo chakula kinachomfaa baba chawafaa na watoto. Lakini msiitupe chumvi yote, wala msinunue ile isiyo na iodi. Kwani iodi hukinga uvimbe wa shingo, ugonjwa uliowatesa wazee wetu wengi wa Kivu, hasa kule Idjwi. Itumieni kidogo, nayo iwe chumvi nzuri.

Karatasi ya pili

Msingi wa pili ulitoka katika ile karatasi ya mlangoni. Kila tulipopita pale tulisoma neno «marufuku» mara tisa, na moyo wa binadamu, tangu bustani ya Edeni, huutazama zaidi mti uliokatazwa. Basi tuliibandua karatasi, tukaigeuza, tukaandika nyuma yake vyakula ambavyo Mungu ametuachia. Kisha tukashuka pamoja, baba na mama, mpaka soko la Kadutu, kuhakikisha kama tumesahau kitu.

Tuliandika lengalenga, sombe, matembele na kabichi. Maharagi na njegere. Viazi vitamu, mihogo, ndizi, mahindi na mtama. Sambaza na mayai. Maparachichi, mapapai, mananasi na marakuja. Tulihesabu: vyakula 17. Makatazo yalikuwa tisa, na ruhusa zilikuwa 17! Tena tukaandika vitu vya kuamsha ladha bila chumvi: limau, kitunguu, nyanya, seleri, tangawizi na pilipili. Sambaza wenyewe hawakuwako katika ziwa letu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha kila nyumba ya Bukavu. Ikiwa ziwa zima liliweza kupokea kitoweo kipya, je, nyumba moja ingeshindwa?

Hatutaki kuwadanganya. Majuma ya kwanza mboga zilikuwa kama maji ya mvua. Lakini ulimi ni mwanafunzi: huanza kwa kunung'unika, kisha hujifunza. Baada ya majuma kadhaa tulianza kuonja utamu wa maharagi yenyewe, ambao chumvi ilikuwa imeufunika. Na siku tulipoalikwa kwa jirani, mtoto wetu mmoja alituambia kwa siri kwamba mchuzi wa kule ulikuwa wa bahari.

Hekima ya Dominika

Msingi wa tatu tuliupata kwa Mama Kanisa. Mwaka ule Kwaresima ilitukuta katikati ya uchovu wetu. Padri katika mahubiri alitukumbusha kwamba kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu kuna siku 46, lakini sisi twasema siku 40 za mfungo. Siku sita zimekwenda wapi? Ni Dominika, ambazo hazihesabiwi, kwa kuwa kila Dominika ni Pasaka ndogo. Kanisa limewalea watoto wake kwa karne nyingi, nalo lajua kwamba mwanadamu hawezi kupanda mlima mrefu bila mahali pa kupumzika.

Vivyo hivyo Mtakatifu Benedikto, alipoandika Kanuni yake katika karne ya 6, aliweka mezani pa wamonaki wake vyakula viwili vilivyopikwa, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine. Na kwa wagonjwa, wazee na watoto aliamuru huruma zaidi. Tazameni hekima hiyo! Kanuni ilikuwa ngumu, lakini aliyeitunga aliwajua watu wake.

Nasi tukajiwekea Dominika yetu. Siku hiyo, baada ya Misa, chakula kimoja kinachopendwa huletwa mezani: kipande cha mbuzi kilichochomwa nyumbani kwa limau na pilipili, au makayabo yaliyoloweshwa usiku kucha, na maji yake kubadilishwa zaidi ya mara moja. Twala kwa kiasi, kwa furaha, mbele ya macho ya wote. Vidonge haviachwi siku hiyo, wala hatuli kama watu wanaolipiza kisasi. Tangu hapo baba hakusimama tena kwa mchoma nyama siku za kazi. Alisema: «Siwezi kuiba kitu ambacho Dominika nitapewa.»

Anayejikwaa mlimani

Hata hivyo tulianguka tena. Mwezi wa tano ilikuwako harusi katika ukoo, na baba alikula na kunywa kama zamani. Asubuhi alisema: «Nimekwisha kuharibu kazi ya miezi yote. Heri niache kabisa.»

Hilo ndilo jaribu kubwa kuliko harufu ya mbuzi. Nyinyi mnaokaa Bukavu mwawajua wachukuzi wanaopandisha mizigo kutoka ziwani. Mchukuzi akijikwaa katikati ya mlima, je, hushuka tena mpaka majini ili aanze upya? Hapana. Huweka sawa mzigo wake, akaendelea kutoka pale aliposimama. Na Mkristu aliyetenda dhambi hangoji Pasaka ya mwaka ujao. Huenda kwenye kitubio mapema, akasamehewa. Basi tuliagana neno moja: anayeanguka aseme, na anayesikia asifoke. Tangu siku ile baba huweza kusema, «Leo nimekula vibaya,» naye mama hujibu, «Kesho tutakula vizuri.» Uongo uliondoka nyumbani mwetu, na sisi twahesabu kwamba hiyo ndiyo faida ya kwanza, hata kabla ya afya.

Baada ya miezi minane mashine ilionyesha 13 juu ya 8. Tulimshukuru Mungu, na baba akauliza kama sasa aache vidonge. Daktari alikataa: hesabu imeshuka kwa sababu ya vidonge pamoja na chakula na mwendo, na mgonjwa hawezi kujikatia dawa kwa shauri lake mwenyewe. Tunawaomba nanyi mlishike sana neno hilo. Na mgonjwa anayetaka kufunga wakati wa Kwaresima amwulize kwanza daktari wake na padri wake. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga.

Enyi wazazi, mkiwa na mgonjwa aliyepewa masharti ya chakula, msimpikie kando. Shukeni nyinyi mpaka kwenye chungu chake, maana chungu hicho chawafaa nyote. Nanyi wanafunzi, msiwacheke baba zenu wanaokula bila chumvi. Pengine wanafanya hivyo ili wawalipie karo mpaka mwisho wa masomo yenu. Mtume Paulo alitufundisha kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halijengwi kwa siku moja, wala halifagiliwi na mtu mmoja.

Baba bado hutamani makayabo. Hatumwambii kwamba tamaa hiyo itakwisha, kwa kuwa hatujui. Lakini kila jioni, kabla ya kula, baada ya sala ya kubariki chakula, twalitaja jina la kaka yetu marehemu. Halafu mama hufunua chungu, kimoja tu, na sisi sote huosha mikono.