Siku 75 za Binti Yetu Karatu

Ukitoka Arusha kwa basi, ukapita Makuyuni na Mto wa Mbu, barabara huanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi, na Ziwa Manyara hubaki chini upande wa kushoto. Ukifika juu hewa hubadilika. Udongo ni mwekundu, na mashamba ya mahindi, maharage na ngano yamelala vilimani. Hapa ni Karatu, kwetu. Wageni wengi huijua kama mahali pa kujaza mafuta na kulala usiku mmoja kabla ya kwenda Ngorongoro. Mwaka 2020 hata hao hawakuonekana.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi mwaka huo, tena mkoani kwetu Arusha. Kesho yake shule zilifungwa, na tarehe 18 vyuo navyo. Binti yetu alikuwa mwaka wa pili wa ualimu Dar es Salaam. Alishuka kituoni na sanduku moja na ndoo yake ya bwenini. Tulikuwa tumeambiwa ni siku 30, na tukisema kweli, akina mama wenzetu, tulifurahi. Maharage yalikuwa yanangoja palizi.

Wiki ya kwanza alibandika ratiba mlangoni kwake: saa kumi na moja kuamka na kusali, saa mbili kusoma, saa nane kufua. Masika yalikuwa yamekolea, njia imejaa tope, na ili apate mtandao ilimbidi apande kilimani hadi chini ya mkaratusi, mwavuli mkononi. Alirudi amelowa, bando limekwisha, na somo hajalipata. Katikati ya Aprili serikali ilitangaza kwamba shule na vyuo vitaendelea kufungwa, safari hii bila kutaja siku ya kufungua. Tangu hapo hakuitazama ratiba tena.

Akawa analala hadi saa nne. Nywele hakusuka. Ukimwita kula makande anasema ameshiba, na usiku unasikia sufuria jikoni. Sisi tulimwita mvivu, tena mbele ya wadogo zake. Tulimwambia ashukuru, maana nchi nyingine watu walikuwa wamefungiwa ndani kabisa, ilhali hapa soko lilikuwa wazi na kanisani tuliendelea kwenda. Siku zile tatu za maombi ya taifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili, tuliombea wagonjwa na madaktari. Hatukukumbuka kumwombea yeye.

Nasi tulikuwa na yetu. Baba yake ni dereva wa magari ya watalii, na kampuni ilikuwa imewarudisha madereva nyumbani bila mshahara. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 walikuja Tanzania. Mwaka 2020 walifika laki 6 tu na kidogo. Barabara kuu ikawa kimya hata mbuzi wakalala juu ya lami. Usiku mmoja, taa imezimwa, tulijadili kama aahirishe masomo mwaka mmoja, au hata tumpokee yule jirani aliyekuja kuulizia posa. Nyumba yetu ina ukuta mwembamba.

Mwezi Mei rafiki wa baba yake alikuwa anapeleka mahindi Endulen kwa lori. Tukaomba kupanda, sisi watatu. Tukapita lango la Loduare bila foleni, tukapanda katikati ya msitu, miti inadondosha maji, hadi pale watu wanaposimama kutazama kreta. Siku za kawaida huwezi kupata nafasi ya kusimama pale. Siku hiyo tulikuwa peke yetu na baridi. Ukungu ulipopasuka tuliona shimo lote, upana wa kilomita zipatazo 20, na chini kabisa, mita 600 hivi, vidoti vyeusi vinavyotembea. Baba yake akaanza kumwonyesha nyati, kama afanyavyo kwa wageni.

Akasema bila kugeuka, "Baba, msiniozeshe. Nimesahau hata nilichosoma, lakini nitakumbuka."

Hatukuwa na jibu. Baba yake alivua koti akamvika, na dereva akapiga honi.

Tarehe 21 Mei ilitangazwa kwamba vyuo vitafunguliwa tarehe 1 Juni. Tuliuza mtamba mmoja, bei ya hasara kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza. Usiku wa mwisho tulimsuka nywele, na alilala katikati ya kusukwa. Jirani tulimrudishia jibu wenyewe, kwa heshima.

Sasa anafundisha. Mwaka huu alipokuja likizo tulipanda tena Ngorongoro, safari hii kwa gari la baba yake. Langoni tulisubiri karibu saa nzima nyuma ya magari ya watalii, na baba yake alinung'unika kuhusu foleni. Binti yetu alicheka peke yake kiti cha nyuma.