Zizi Hurithiwa na Anayebaki

Aliyepata kusafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya amelipita shamba la Kisolanza, hata kama hakupata kuteremka. Lipo kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini Iringa, ukiisha kuipita Ifunda, kando ya ile barabara ambayo wazee waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini. Wasafiri hununua hapo nyama, mayai na mboga za shambani, na wageni wanaovuka Afrika kwa magari hupiga mahema yao na kulala. Lakini kwangu mimi sifa ya shamba hilo haimo katika nyama wala katika mahema. Imo katika jambo moja: tangu miaka ya 1930 limekuwa mikononi mwa familia moja, familia ya Ghaui, nalo halijagawanywa vipande vipande wala kuachwa magugu.

Ndugu msomaji, huenda ukaliona hilo kuwa jambo dogo. Ili kuupima uzito wake, hapana budi tuwatazame majirani.

Mwaka 1925 Lord Delamere, mlowezi mashuhuri wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu. Nia ilikuwa kuzifanya nyanda hizi za juu zenye baridi na majani mengi kuwa nchi ya walowezi, kiungo kati ya wenzao wa Kenya na wale wa Rhodesia. Ardhi ya Iringa ikaanza kukatwa mashamba. Waingereza walikuja, na Wajerumani waliofukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaruhusiwa kurudi. Mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927, na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ikavuta watu ambao walihitaji kula. Mwenye ng'ombe alipata soko.

Neema hiyo haikudumu. Vita vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Ifunda ikawa kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Uhuru ukaja mwaka 1961, na Azimio la Arusha mwaka 1967, na walowezi wengi wakaondoka. Upande mwingine serikali ilianzisha mashamba yake ya kuzalisha mitamba, kama yale ya Sao Hill na Kitulo. Katika mabadiliko hayo yote, familia za walowezi zilizobaki na mifugo yao ni za kuhesabika.

Haifai pia kusahau kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kabla ya mlowezi wa kwanza kuzungusha seng'enge, ng'ombe wa nyanda hizi walikuwa mali na nguvu ya koo za kitawala. Huko Usangu ukoo wa Merere ulijulikana kwa makundi yake makubwa, na ugomvi wake na Wahehe chini ya Munyigumba, na baadaye mwanawe Mkwawa, haukuwa wa ardhi tu, ulikuwa pia wa mifugo. Ngome ya Kalenga ilipoanguka mbele ya Wajerumani mwezi Oktoba mwaka 1894, ng'ombe nao walitekwa. Miaka hiyohiyo ya 1890 sotoka ilikuwa ikiteketeza ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Ugonjwa huo dunia imeutangaza kuwa umekwisha mwaka 2011 tu. Kwa hiyo kundi la ng'ombe, liwe la mtemi au la mlowezi, ni mali inayoweza kutoweka katika msimu mmoja.

Haya nayasema kwa sababu nimelelewa kwa mshahara wa zizi. Marehemu baba yetu, Msangu wa asili, alikuwa mchungaji katika shamba la mlowezi mmoja huko Iringa, na mwenye shamba alipoondoka, baba alibaki na ng'ombe chini ya waajiri wengine mpaka alipostaafu. Hakusoma sana, lakini alikuwa na daftari. Humo aliandika siku ambayo kila ng'ombe alipandwa, siku aliyozaa, na siku ya josho. Alizoea kutuambia kwamba kupe hajali kama mwenye ng'ombe ni tajiri au maskini. Ukiruka wiki mbili za josho wakati wa mvua, ndigana kali itaingia zizini, nayo haitauliza jina lako.

Shambani ndiko alikojifunza kwamba kundi huendeshwa kwa mambo madogo yanayorudiwa kila siku. Majani hupumzishwa kwa zamu ili yaote tena. Njia za kuzuia moto husafishwa kabla ya kiangazi kukaza. Ndama huachishwa kunyonya kwa wakati wake, na dume hubadilishwa kabla hajawapanda binti zake. Mtamba wa kienyeji huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na mimba yake ni ya miezi tisa kama ya mwanamke. Anayeanza na ng'ombe wawili leo huhitaji sehemu kubwa ya maisha yake ili awaone wakiwa kundi. Kuwauza, kwa upande wake, ni kazi ya asubuhi moja mnadani.

Baba alipostaafu alirudi nyumbani Usangu na ng'ombe wanne. Alipofariki, walikuwa 31. Aliwafikisha hapo katika miaka migumu. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na Ihefu, kwa nia ya kuunusuru mto Ruaha Mkuu ambao tangu miaka ya 1990 ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya maeneo hayo ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Malisho yakapungua. Baba alisalimika kwa kuwa kundi lake lilikuwa dogo, na kwa kuwa aliwalisha mabua na majani makavu karibu na nyumba, kama alivyoona ikifanywa shambani.

Tulizaliwa watano. Wanne kati yetu tunakula mshahara wa mjini: Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya. Kitinda mimba wetu, dada, ndiye aliyebaki na wazee. Matanga yalipokwisha, ukoo ukaketi. Hesabu ilionekana rahisi: ng'ombe sita kwa kila mtoto, na mmoja achinjwe. Baba mdogo alipendekeza zaidi kwamba fungu la dada lipunguzwe.

"Mwanangu," alimwambia, "ng'ombe ni wa ukoo. Wewe kesho utaolewa, utawahamishia kwa watu wengine."

Dada alipiga goti, akamwamkia, kisha akauliza kwa upole: "Baba, yule mwenye baka usoni ana mimba ya miezi mingapi?"

Hakuna aliyejibu. Akauliza tena ni ndama gani ambaye hajachanjwa, na ni ng'ombe yupi asiyeweza kuchanganywa na dume la zizini kwa sababu ni binti yake. Kimya. Ndipo alipoleta daftari la baba, na kurasa za mwisho, za miaka miwili ya ugonjwa wa mzee, zilikuwa na mwandiko wake yeye.

Baraza likapata la kufikiri. Ng'ombe sita hawawezi kumlipa mchungaji. Dume ni mmoja, naye hagawanyiki. Mimi na kaka zangu tungewauza wa kwetu, tungenunua mabati au kulipa ada, na baada ya miaka miwili jina la baba lisingekuwa na zizi lolote. Baada ya maneno mengi, na mengine makali, tuliafikiana hivi: kundi libaki moja, dada awe msimamizi wake mwenye kauli, alipwe kwanza yeye na mchungaji, kisha gharama za dawa, na kinachobaki ndicho kigawanywe kwa watano kila mwaka. Tuliandika karatasi, tukatia sahihi mbele ya mashahidi wa kijiji. Baba mdogo alisaini wa mwisho. Dada ameolewa tangu hapo, na ng'ombe hawajahama. Shemeji ndiye aliyehamia karibu.

Sisemi kwamba tumetajirika. Mwaka mmoja wa ukame hatukugawana hata senti, na kaka yetu mmoja alinuna miezi kadhaa. Lakini kundi lipo, na watoto wetu wa mjini wanajua ng'ombe hula nini.

Nikirudi kwa Kisolanza, naona siri yake haikuwa ukubwa wa ardhi, kwani wengine walikuwa na ardhi kubwa wakaondoka. Wapo waliokubali kukaa, kizazi baada ya kizazi, wakaongeza mboga, bucha na nyumba za wageni pale ambapo ng'ombe peke yao wasingetosha. Na nyuma yao, kama katika kila shamba la aina hiyo, zipo familia za wachungaji na wakamuaji, ambazo mara nyingi hazitajwi katika historia, nazo pia zimebaki. Baba yangu alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo.

Wengi wetu tusomao ukurasa huu tuna baba, mama au mjomba kijijini mwenye zizi, shamba la kahawa au mitumbwi ya kuvulia. Mara nyingi tunaanza kuuliza habari za mali hiyo siku ya msiba, wakati mwenyewe hawezi tena kujibu. Tumuulize angali hai: daftari liko wapi, nani anajua kazi, na anayebaki atalipwa nini kwa kubaki kwake. Kugawana kwa haki si lazima kuwe kukata vipande sawa. Pengine haki ya kwanza ni kumpa nafasi yule anayejua mimba ya ng'ombe ina miezi mingapi.