Kuagana kwa Watuma Salamu

Katika mila za makabila mengi ya nchi yetu, salamu na kwaheri ni ndugu wa tumbo moja. Hapa Kahama, ambapo Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma wameishi kwa ujirani tangu zamani, si desturi mtu kumpita mwenziwe kimya. Asubuhi Msukuma husema "Mwangaluka", na jua likishapinda husema "Mwadila". Kisha hufuata maswali juu ya nyumba, watoto, ng'ombe na mvua. Hali kadhalika mgeni haachwi aondoke hivi hivi. Mwenyeji humsindikiza mpaka njia panda, na huko husimama tena wakazungumza kana kwamba ndiyo kwanza wameonana. Aondokaye bila kuaga huwaachia wenyeji maswali: amekasirika, ana deni, au amepatwa na msiba?

Katika insha hii twapenda kueleza habari za jamaa moja kubwa ambayo haikukaa kijiji kimoja, wala haikuwa ya kabila moja, nayo ni jamaa ya watuma salamu wa redio. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Twaeleza jinsi jamaa hiyo ilivyojengwa, jinsi ilivyopungua, na kwa nini tuliona ni wajibu wetu kuiaga kwa heshima.

Msomaji kijana huenda hajapata kuiona kadi ya salamu. Ilikuwa ni karatasi ndogo ngumu, iliyouzwa madukani. Mtumaji aliandika jina lake na mahali alipo, kisha majina ya wale anaowasalimu, na mwisho ujumbe wake. Ujumbe huo mara nyingi ulikuwa methali: mwenye kufiwa alipelekewa "Subira yavuta heri", na aliyekuwa mbali na kwao alikumbushwa kuwa "Milima haikutani, binadamu hukutana". Kadi ilitiwa katika sanduku la posta, ikasafiri mpaka Dar es Salaam, na baada ya siku nyingi jina la mtu wa Ushetu au Msalala likasomwa hewani, likasikika nchi nzima. Baada ya majina ulipigwa muziki.

Utangazaji nchini ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya Serikali. Kwa miaka mingi hapakuwa na redio nyingine ya Tanzania Bara. Kwa hiyo wote waliokuwa na redio walisikiliza kitu kimoja kwa saa moja. Ngoma ya Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji asiyeona ambaye alipiga ngoma nyingi peke yake, ilipolia kabla ya taarifa ya habari, ililia kwa wakati mmoja Kahama, Mtwara na Kigoma. Wagonjwa walikuwa na kipindi chao cha Ugua Pole, watoto walikuwa na Mama na Mwana, na waliopenda kucheka walikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Watu wasiojuana kwa sura walikuwa na mambo yale yale ya kuzungumza kesho yake kisimani na gulioni.

Tena yafaa tukumbuke kwamba kusikiliza redio kwa pamoja kulikuwa ni shule. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili waliyoyasikia, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Wananchi wakazoea kwamba redio si kitu cha kukaa nacho peke yako chumbani. Betri zilikuwa ghali, nazo zikichoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Mwenye redio aliitoa uani, na majirani wakaja na vigoda vyao.

Kahama ilikuwa na sababu yake ya kuipenda salamu. Wilaya hii ni ya njia panda. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza inapita Isaka, na kutoka hapo barabara yaelekea Rwanda na Burundi. Wengine walikuja kulima pamba, tumbaku na mpunga, wengine kufanya biashara, na wengine kutafuta dhahabu. Penye watu wengi waliotoka kwao, pana watu wengi wanaongojwa na mama zao. Barua ilimtaka mtu aketi na kueleza mengi, na mchimbaji ambaye hajapata kitu huona haya kueleza. Lakini kadi ya salamu haikudai maelezo. Jina likisomwa pamoja na neno Kahama, mama aliyeko Bukoba au Singida alijua jambo moja lililomtosha, kwamba mwanawe yu hai na hajamsahau.

Watu walipozoea kusikia majina yale yale kila juma, walianza kutafutana. Mtumaji wa Kahama alimsalimu mtumaji wa Nzega ambaye hakupata kumwona, naye akajibu, na wa tatu wa Urambo akaingia katika orodha. Wengi walijipa majina ya sifa, na majina hayo yakajulikana kuliko ya kwenye kodi. Hatimaye wa mji mmoja walikutana uso kwa uso, wakaunda vikundi. Chetu kilianza kwa watu wasiozidi kumi: walimu wawili, fundi cherehani, muuguzi, mwenye mashine ya kusaga, na wakulima. Kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mwekahazina. Kila mwanachama alitoa mchango wa kadi, na kilichobaki kiliwekwa kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Hayo hayakuwa mageni katika nchi ya Wasukuma. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa huko wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vilivyopewa majina kwa kuwafuata Ngika na Gumha, waganga na wachezaji mashuhuri. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Mtu huwa Mgika au Mgalu kwa maisha, naye akifika ugenini hupokewa na wa chama chake kama ndugu. Sisi nasi tulikuwa na ubishi wetu: huyu ni wa NUTA Jazz, yule ni wa Tabora Jazz, na tangu mwaka 1978 wakawapo wa Mlimani Park. Ubishi ulikuwa mkali mpaka chai ikapoa. Lakini mmoja akifiwa, wa bendi zote walibeba jeneza pamoja.

Walikuwapo waliotudharau. Walisema kwamba kusoma majina hewani ni kupoteza wakati, kwamba redio ni ya habari, elimu na kilimo, na kwamba mtu mzima hafai kununua kadi ili asikie jina lake. Hoja hiyo haikukosa uzito wote, kwani mapenzi ya kitu chochote yakizidi hugeuka upuuzi. Hata hivyo, mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Sasa twauliza: roho hiyo hukaa wapi, kama si katika namna watu wanavyojuliana hali? Mkulima wa Kahama aliyemsalimu mvuvi wa Mafia kwa Kiswahili, bila kumwuliza kabila wala dini yake, alikuwa anajenga taifa kwa gharama ya kadi moja.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Mwaka 1993 sheria iliruhusu redio za watu binafsi, na mwaka uliofuata Radio One ikaanza. Sikio la nchi likagawanyika. Kisha zikaja simu za mkononi, na aliyekuwa akingoja majuma matatu ili amsalimu ndugu yake akaweza kumsalimu papo hapo. Hatulaumu jambo hilo. Nani atamwambia mama arudi kungoja majuma matatu? Kadi zikapungua madukani, na katika vipindi vingi ujumbe wa simu ukachukua nafasi yake. Radio Tanzania yenyewe ikabadilika, na tangu mwaka 2007 ni Shirika la Utangazaji Tanzania. Vijana wetu wakaunda makundi yao ndani ya simu, ya wapenzi wa timu na wa wanamuziki. Hata mji wetu uligeuka: machimbo makubwa ya Bulyanhulu na Buzwagi yalileta watu wapya, na Buzwagi ilipomaliza uzalishaji mwaka 2021, wengi wao wakafunga mizigo tena.

Kikundi chetu hakikuvunjwa na mtu. Kilipungua kama kisima wakati wa kiangazi. Mikutano ya kila mwezi ikawa ya kila robo mwaka, kisha ya mwaka, kisha ya misiba tu. Lililotuzindua ni kifo cha mwenzetu mmoja, mama mkulima wa kijiji cha mbali, aliyekuwa nasi tangu mwanzo. Hakuwa na simu. Zamani asiposikika majuma mawili, watu walikwisha kuuliza hewani kulikoni. Safari hii habari ya kifo chake ilitufikia baada ya miezi mitatu, kwa mdomo wa mchuuzi wa mchele. Kaburi lilikwisha kuota majani. Tulikwenda, tukatoa mkono wa pole. Mwanawe alitupokea vizuri, lakini alituambia kwamba siku ya maziko watu wa nyumba ile walitazama njia mpaka jioni, kwa kuwa marehemu alikuwa amewaambia kwamba watu wa redio hawatakosa kuja.

Neno hilo lilituuma. Tulipokutana Kahama mjini, mwenyekiti alitoa shauri kwamba kikundi kifungwe rasmi. Palikuwa na mabishano. Baadhi yetu waliona kwamba kitu kilichokwisha kufa hakihitaji mkutano. Wakashauri tuache kila mtu aende zake kwa amani. Wengine walijibu kwamba ahadi isiyofutwa bado ni ahadi. Maadamu kikundi kina jina, yuko mtu mahali fulani anayekitegemea, naye atatazama njia mpaka jioni. Kumwambia kwamba hatupo tena ni huruma kuliko kumwacha angoje. Wazo hili ndilo lililoshinda.

Basi tukafanya kama mila inavyotaka. Kwanza tulisoma daftari la wanachama kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, na kila lilipotajwa jina la marehemu tulisimama. Pili tulihesabu fedha. Zilikuwa kidogo, sehemu tukampelekea mwana wa yule mama, na sehemu tukaiweka iwe nauli ya mazishi ya wazee wanne waliobaki vijijini. Tatu tuligawana kazi ya kwenda kwa kila mwanachama asiye na simu, kumwambia kwa mdomo kwamba kikundi kimefungwa, na kumpa jina la jirani atakayeleta habari zake. Nne tulimkabidhi mwalimu mmoja daftari lile alihifadhi. Mwisho tulitafuta muziki wa zamani, tukausikiliza bila kusema neno, kisha tukasindikizana mpaka kituo cha basi.

Maktaba ya kanda za Radio Tanzania, iliyo sasa mikononi mwa TBC, ni hazina ya taifa, na muziki mwingi wa bendi zetu umo humo. Lakini majina ya watuma salamu yalisomwa yakapita. Muuguzi, fundi cherehani na mkulima wa mpunga hawana santuri. Kumbukumbu yao imo katika madaftari kama lile letu, ambayo huliwa na mchwa katika masanduku ya bati. Yafaa walimu wa historia na Kiswahili wawatume wanafunzi wao kuyatafuta, na kuwauliza wazee walisalimiana na nani, na kwa maneno gani.

Nanyi vijana ambao mna makundi yenu katika simu, msidhani kwamba haya hayawahusu. Kila jamaa iliyofungwa na mapenzi ya kitu kimoja ina mwanzo, nayo ina mwisho: timu hushuka, bendi huvunjika, chombo kipya huja kikakiondoa cha zamani. Siku hiyo ikifika, msitoroke mmoja mmoja gizani. Lipeni madeni, yahifadhini majina, mjulisheni aliye mbali na aliye dhaifu, kisha agananeni. Salamu humwahidi mtu kwamba hayuko peke yake, na mwenye kuahidi hana budi kurudi kusema iwapo ahadi imekoma.