Spana Moja, Kisima Kimoja

Tulivuka feri ya Likoni asubuhi, wanafunzi wa uhandisi kutoka Nairobi pamoja na wageni wao wa Marekani, mabegi yamejaa vipimo vya maji na kompyuta. Njia ya Ukunda sina la kuisimulia. Matatu yalikimbia, tukasinzia. Msambweni tukaiacha lami, tukaingia kijijini.

Wageni walikuja na michoro ya mtambo wa jua wa kusukuma maji. Michoro mizuri, haki ya Mungu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo, alisikiliza maelezo yote huku tukila mahamri na mbaazi, kisha akauliza: "Mwanangu, ikiharibika, nimwite nani?" Kijana wa michoro akasema fundi atatoka Mombasa. Mama akajifunga leso. "Haya, twendeni kisimani."

Pampu ya kijiji ni Afridev, ya mkono, nayo si mgeni huku: ilibuniwa miaka ya 1980 kati ya Malawi na Kenya, na majaribio yake yakafanywa hapa hapa Kwale. Huvuta maji yaliyo hadi mita 45 hivi chini. Mama alishika spana moja tu. Akafungua kifuniko, akatoa mpini, kisha yeye na mwenzake wakavuta fito za chuma, moja baada ya nyingine. Zimeshikana kwa kulabu, hazina nati. Bomba lenyewe halikuguswa, maana pistoni hupita ndani yake. Ilipotoka, alitubonyezea mpira wake kwa kidole: ukingo umelika. Akavisha mwingine, akarudisha kila kitu. Kijana wa michoro alikuwa amechuchumaa, amesahau hata kupiga picha.

Wanafunzi wa Marekani hawajaanza leo safari kama hizi: mwaka 2000 profesa Bernard Amadei wa Colorado alifika San Pablo, Belize, kisha akawapeleka wanafunzi wake huko kuwatafutia watu maji, na kazi hiyo ndiyo iliyoipa Marekani chama cha wahandisi wasio na mipaka. Jambo jema. Lakini wanafunzi hufuzu wakaenda zao, kisima kikabaki na wenyewe. Ndiyo maana huwa sioni ajabu kijiji kikiupokea mradi kwa adabu tu.

"Basi mnahitaji nini?" aliuliza binti mmoja wa Nairobi, na nadhani hilo ndilo swali lililostahili kuwa la kwanza. Jibu halikuwa na jua ndani yake. Mipira haipatikani karibu, na maji yanayomwagika yanafanya tope penye ng'ombe. Siku zilizobaki tukapima umbali wa vyoo hadi kisimani, tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba, na mweka hazina akaenda kupatana na mwenye duka la vifaa Ukunda aweke vipuri.

Ninyi mnaojiandaa kwenda vijijini mwaka huu, kabla hamjachora chochote, ulizeni vipuri vinauzwa wapi, na nani anashika spana.