Mkilifi na Kipimo Kilichosahaulika

Mwarobaini una majina mawili katika pwani ya Kenya. Jina hilo la kwanza hutokana na imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Wagiriama na Wadigo huuita mkilifi, kana kwamba ulizaliwa Kilifi, ilhali asili yake ni Bara Hindi. Kutoka Mtwapa hadi Malindi mti huu umejaa nyuani na kando ya njia. Majani yake huchemshwa yakanywewa kwa homa au yakaogewa kwa upele. Vijiti vyake huwa miswaki. Jina limerithiwa. Je, kipimo nacho kimerithiwa?

Mjukuu anapouliza atie majani mangapi, bibi humjibu, "Tia kiasi, mwanangu." Akiuliza kiasi gani, huambiwa, "Kiasi cha kutosha." Jibu hilo si la kukwepa. Mkono wa bibi ndio mizani yake, nao ulifunzwa kwa miaka mingi kando ya meko ya mamake. Mjukuu aliyekulia mjini hana mkono huo. Yeye amepokea sentensi moja tu, kwamba mwarobaini ni dawa. Basi huijaza sufuria, na kadiri maji yanavyozidi uchungu ndivyo anavyoamini yamezidi nguvu.

Kiswahili chenyewe chamwonya. Kuna dawa ya kikohozi na kuna dawa ya panya. Neno ni moja, na mara nyingi kinachotenganisha tiba na sumu ni kipimo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yanafaa kufukuzia wadudu, lakini watoto wachanga walionyweshwa wamepatwa na degedege, na baadhi yao wakafa. Shubiri nayo ni vivyo hivyo: ute wake mweupe hutuliza ngozi, ilhali utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huharisha vikali.

Namna ya kutayarisha pia ni sehemu ya dawa. Katika karne ya 4, tabibu Mchina Ge Hong aliandika jinsi ya kutibu homa kwa mmea wa artemisia: konzi moja ya majani, kiasi maalumu cha maji, kisha kuloweka na kukamua. Hakutaja kuchemsha. Mwanasayansi Tu Youyou alipoyasoma maelezo hayo, alitambua kwamba moto ulikuwa ukiharibu kiini cha dawa. Mwaka 1971 alifaulu kukitoa kwa joto dogo, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa zilizotokana na kiini hicho ndizo Kenya ilizichagua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria. Laiti Ge Hong angeandika "kiasi cha kutosha", ni nani angelifaidika?

Kwa hiyo, anayetumia mitishamba nyumbani na autambue mti kwa hakika, asichume penye taka wala moshi wa magari, aoshe majani, apime kwa chombo kimoja kila mara, achuje, na asinywe kilicholala siku nyingi. Mjamzito na mtoto mchanga wasinyweshwe mwarobaini. Mgonjwa wa sukari anayemeza vidonge amweleze daktari, kwani mwarobaini nao hushusha sukari. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu siku hiyohiyo, majani yasimcheleweshe.

Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Miti imepata mlinzi. Maneno ya wanaoijua miti hiyo bado yamo vinywani mwa wazee. Konzi, ukufi, kibaba, kuloweka, kuchuja: hiyo ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, aketi na bibi, auone mkono ukichota, aupime, aandike. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.