Barua kutoka Antwerp: Saa nne usiku, nani atawarudisha nyumbani?

Yaya mpendwa,

Umeniuliza watu wa huku wanafikaje kazini usiku, maana vijana wetu wa Dilolo wanangojea kazi za depo mpya ya reli, za maghala na za kupakua mabehewa, na wazee wa mtaa wamekutaka shauri. Nimefurahi umeuliza sasa, kabla kuta za depo hazijajengwa. Nitakujibu kwa urefu kidogo, unisamehe.

Wewe na mimi tunakaa kwenye ncha mbili za njia moja. Tangu 1931, reli ya Benguela ilipoungana na ya Katanga hapo kwetu, mpakani mwa Kongo na Angola, shaba ya Union Minière ilipata njia ya kushukia Lobito na kuja Ulaya, na sehemu yake ikasafishwa Hoboken, kitongoji cha jiji hili ninalokaa. Kiwanda bado kipo. Union Minière ilibadili jina 2001, leo inaitwa Umicore. Vita vya Angola viliikata njia hiyo 1975, sisi tukakua tukiiona stesheni kimya. Mwisho wa 2023 mgodi wa shaba wa Kamoa ulipeleka shehena ya majaribio kwa reli, tani 1,110 kutoka Kolwezi, na kwa siku nane ikawa Lobito. Tani zilihesabiwa, siku zilihesabiwa, mabehewa yalihesabiwa. Mimi naomba watu watakaoyapakia nao wahesabiwe.

Bandari ya Antwerp imetawanyika pande zote mbili za mto Scheldt. Kutoka ninapolala hadi kwenye gati la mbali ni mwendo mrefu, na mabasi ya umma ya De Lijn yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi, wa ofisini na wa sokoni. Januari 2024 walipoanza mtandao mpya walifuta maelfu ya vituo Flanders nzima. Lakini ghala halilali. Zamu za kawaida ni tatu: ya kuanza saa kumi na mbili asubuhi, ya saa nane mchana, na ya saa nne usiku. Anayeanza saa kumi na mbili anatakiwa kuondoka nyumbani kabla basi la kwanza halijaamka, na anayetoka saa nne usiku anakuta magari ya mwisho yanahesabu dakika.

Yaya, katika miaka niliyofanya kazi hizi nimejifunza jambo ambalo hakuna msimamizi aliyewahi kunitamkia: safari ya kwenda hupangwa vizuri kuliko safari ya kurudi. Sababu ni nyepesi. Mtu asipofika getini, mashine inasimama na bosi anapata hasara saa ileile. Mtu akikwama getini baada ya zamu, hasara ni yake mwenyewe, ya mke wake anayemngoja na ya watoto. Kwa hiyo ratiba nyingi zimeandikwa kwa jicho la geti. Meli ikichelewa, kiongozi wa kikosi anawaomba watu wabaki saa moja au mbili, wanakubali kwa sababu ya pesa, na hakuna anayempigia dereva simu. Nimewaona akina mama, wafungaji wa mizigo, wakikaa chumba cha kubadilishia nguo mpaka alfajiri kwa kuogopa kutembea kando ya barabara ya malori.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Ghala moja nililofanyia kazi lilikuwa na basi zuri, lakini orodha ya dereva ilikuwa na majina ya wenye mkataba wa kudumu tu. Sisi tulioletwa na wakala wa kazi za muda tulivaa fulana zilezile na kubeba maboksi yaleyale, ila basi lilituacha hata viti vikiwa vitupu. Hapo nilikumbuka Kolwezi. Wewe unajua jinsi watu wanavyosimama kando ya barabara za Manika na Dilala kabla ya jua, kila mmoja akitafuta basi la kampuni yake, na wa sous-traitance, walioajiriwa kupitia makampuni ya kati, wakitafuta yao. Ripoti ya mashirika ya haki za binadamu RAID na CAJJ ya Novemba 2021 ilionyesha kwamba katika migodi mitano mikubwa ya kwetu zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia makampuni hayo ya kati. Basi linalowaacha nusu ya watu halijapangwa.

Lakini sitaki udhani huku hakuna la kujifunza. Ubelgiji ina sheria ya tangu 2003: mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 100 lazima, kila baada ya miaka mitatu, aieleze serikali wafanyakazi wake wanakaa wapi, wanafanya kazi saa ngapi na wanakuja kwa chombo gani. Hesabu ya kwanza ilifanyika 2005. Nakwambia, karatasi hiyo ina thamani kuliko basi jipya. Kampuni jirani zikiweka majibu yao pamoja zinagundua kwamba watu wao wanatoka mitaa ileile kwa saa zilezile, na bandarini mfano wa wazo hilo ni I-bus: makampuni kadhaa kuchangia basi moja la wa zamu badala ya kila moja kukodi lake liende nusu tupu. Serikali ya Flanders nayo ilianzisha mfuko, Pendelfonds, ulioweza kubeba hadi nusu ya gharama za mipango ya namna hiyo. Na kuna basi moja litakalokufurahisha, Fietsbus, ambalo halitozi nauli. Baiskeli haziruhusiwi kwenye mahandaki ya magari yanayopita chini ya mto, basi hilo linampakia mtu pamoja na baiskeli yake, linamvusha, kisha anaendelea kwa baiskeli. Dilolo ni mji wa baiskeli. Mkiweka sehemu ya kulaza baiskeli kwenye vituo, penye mlinzi na taa, basi halitahitaji kuingia kila kichochoro.

Sasa shauri lenyewe. Msianze na basi, anzeni na daftari. Kila anayeomba kazi aandikwe anakaa wapi, zamu yake ipi, na kama kutoka kwake hadi barabara kuu kunapitika Januari, mvua zikiwa zimekaza. Kituo kizuri cha kiangazi kinaweza kuwa dimbwi masika, na dereva atakiruka bila kumwambia mtu. Vituo viwe juu ya barabara ya Kolwezi au mahali penye changarawe ngumu.

Halafu angalieni urefu wa safari. Tuseme depo ina watu 90 kwa zamu, wanaotoka pande tatu za mji. Mwenye basi kubwa atawashauri gari moja lizunguke kote, kwa kuwa mafuta ni kidogo. Likizunguka hivyo, aliyepanda wa kwanza ataketi humo muda mrefu kuliko wote, kila siku, na ndiye atakayeamka saa tisa usiku. Magari madogo matatu, kila moja na upande wake, yanagharimu zaidi kidogo lakini yanawapa watu usingizi, na mtu aliyelala vya kutosha hakatwi vidole na mnyororo wa kontena. Basi linaloleta zamu mpya ndilo liondoke na zamu iliyomaliza, na lisiondoke mpaka msimamizi amehakikisha wote wametoka.

Hapo mtakutana na shida ya kwetu hasa: treni haiheshimu saa. Mabehewa kutoka Luau, ng'ambo ya mpaka, yanaweza kufika saa tano usiku badala ya saa nane mchana, na forodha ikawa imefunga. Kwa sababu hiyo ratiba ya karatasi peke yake itawaangusha. Daini mtu mmoja mwenye simu, anayejua treni iko wapi, mwenye amri ya kumzuia dereva au kumwita tena, na gari moja la akiba lenye mafuta ndani. Kampuni itasema ni gharama. Gharama ipo tayari, inalipwa na binti anayepanda pikipiki ya mtu asiyemjua usiku wa manane.

Kuhusu nani alipe, msikubali haraka wenye depo wakisema watawapa posho. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya Oktoba 2002, inaitaja posho ya usafiri na kuitenga na mshahara, hilo ni jema, na mchana inafaa kwa sababu pikipiki zipo. Lakini saa nne usiku pesa mfukoni hainunui gari ambalo halipo. Zamu ya usiku ipewe gari, za mchana zichague. Na iandikwe ndani ya mkataba wa depo na kila kampuni ya sous-traitance kwamba basi ni la wote wanaopita getini, bila kuuliza nani kakuajiri.

Mkienda kuonana na wenye depo, mwende na daftari likiwa limejaa, majina, mitaa na saa. Ombeni kwanza gari la saa nne usiku, kisha ndipo mzungumze juu ya la asubuhi. Hilo la asubuhi watalileta wenyewe.

Mdogo wako,
Antwerp